Mbali Kuliko Kote: Rekodi Nane za Safari za Meli, na Unacholipia Katika Kila Moja

Ukitaja safari ya meli ya kitalii, wengi huona meli yenye ukubwa wa mtaa mzima: abiria maelfu, mabwawa ya kuogelea, kumbi za muziki. Za hapa ni nyingine. Ni meli ndogo, aghalabu za abiria wasiozidi 200, zenye wataalamu wa ndege na barafu, na boti za mpira za kushushia watu pasipo na gati. Bidhaa yake ni umbali, ndiyo maana kila tangazo lina neno "kuliko": mbali kuliko, baridi kuliko, kubwa kuliko. Tumezikusanya rekodi hizo, ila kila moja tumeiuliza swali ambalo matangazo hulikwepa: je, utashuka? Ratiba za safari hizi hupangwa ofisini, lakini mwenye kauli ya mwisho ni bahari.

Kisiwa chenye watu kilicho mbali kuliko vyote: Tristan da Cunha

Kipo katikati ya Atlantiki ya Kusini, chini ya Uingereza. Majirani wa karibu ni watu wa Saint Helena, kilomita 2,437 kaskazini. Wakazi ni takriban 240, wote katika kijiji kimoja, Edinburgh of the Seven Seas, chini ya mlima wa volkano wenye urefu wa mita 2,062. Volkano hiyo ilipolipuka mwaka 1961, wakazi wote walihamishiwa Uingereza. Miaka miwili baadaye wengi wao waliyaacha mabasi na televisheni wakarudi kwenye viazi vyao na kamba wao.

Hakuna uwanja wa ndege. Kutoka Cape Town ni mwendo wa karibu wiki moja baharini. Bandari yao ni kijigati kidogo ambacho wimbi likipanda hakitumiki, na siku za utulivu ni chache kiasi kwamba bahari ikilala, mtungi mtupu wa gesi hugongwa kwa nyundo kijijini: leo tunavua. Mgeni naye anaingojea siku hiyo hiyo. Wapo wasafiri waliokwenda wiki nzima, wakakiona kijiji kwa darubini, wakageuza. Ukikichagua kisiwa hiki, chagua safari iliyotenga siku kadhaa za kungoja.

Kisiwa kisicho na watu kilicho mbali kuliko vyote: Bouvet

Ni mali ya Norway, kina kilomita za mraba 49, na zaidi ya asilimia 90 yake ni barafu. Nchi kavu iliyo karibu ni Antaktika, kiasi cha kilomita 1,700. Mfaransa Bouvet de Lozier alikiona mwaka 1739 asifanikiwe kushuka, na hali haijabadilika sana tangu hapo: pwani ni magenge na kuta za barafu, na ukungu ni wa kila siku. Hiki ni cha watu wanaokusanya majina ya visiwa. Mwenye safari moja tu maishani asikiguse.

Maji yaliyo mbali zaidi na nchi kavu: Nukta ya Nemo

Ipo Pasifiki ya Kusini, kilomita 2,688 kutoka ardhi yoyote. Ilipatikana kwa hesabu ya kompyuta mwaka 1992. Mashirika ya anga za juu huelekeza vyombo vyao chakavu viangukie eneo hilo kwa sababu hakuna wa kumwangukia. Hakuna pa kushuka kwa sababu hakuna kitu. Tunaendelea.

Bara lenye baridi kuliko yote: Antaktika

Rekodi ya dunia, nyuzi 89.2 chini ya sifuri, ilipimwa katika kituo cha Vostok tarehe 21 Julai 1983. Lakini Vostok ipo ndani kabisa ya bara, na meli haifiki huko. Watalii huenda kwenye rasi inayoelekea Amerika ya Kusini, kati ya Novemba na Machi, wakati kipimajoto hucheza karibu na sifuri. Kinachowatesa wengi ni Mlango wa Drake: siku mbili za mawimbi kutoka Ushuaia, Argentina, na nyingine mbili za kurudi.

Hapa kuna hesabu ambayo kila mnunuzi wa tiketi aifanye. Kanuni za waendeshaji wa utalii wa huko zinaruhusu watu 100 tu kuwa ufukweni kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Basi meli ya abiria 100 huwashusha wote pamoja. Ya 200 huwagawa zamu mbili. Ya 400 inakuacha sitaha ukiwatazama wenzako muda mrefu kuliko unaotumia nchi kavu. Tiketi ya bei nafuu mara nyingi ni tiketi ya kungoja.

Tena usiichezee bima. Meli ya Explorer, iliyoundwa mwaka 1969 mahsusi kwa safari za aina hii, ilitobolewa na barafu mwezi Novemba 2007 ikazama. Watu wote 154 waliokolewa, kwa sababu bahari ilikuwa imetulia na meli nyingine haikuwa mbali.

Hifadhi kubwa kuliko zote za nchi kavu: Kaskazini-Mashariki mwa Greenland

Hifadhi hii ya taifa ina kilomita za mraba 972,000, yaani inaizidi Tanzania nzima, na haina mkazi hata mmoja wa kudumu. Askari wachache wa Denmark huizungukia kwa magari ya kukokotwa na mbwa. Kusini yake ipo Scoresby Sund, mfumo mkubwa kuliko yote wa fiodi, ile mikono ya bahari inayoingia kati ya milima. Unapenya kiasi cha kilomita 350 ndani ya nchi. Mlangoni kuna mji wa Ittoqqortoormiit wenye watu wasiofika 400. Barafu ya bahari hufungua njia kwa majuma machache tu, kati ya Julai na Septemba. Ila ukishaingia, maji ya ndani hutulia na kushuka si taabu.

Kaskazini kuliko kote: Ncha ya Kaskazini

Meli ya kwanza kufika juu ya maji ilikuwa Arktika ya Wasovieti, tarehe 17 Agosti 1977. Leo watalii hupelekwa na meli za kuvunja barafu. Unashuka juu ya barafu inayoelea, chini yako maji ya zaidi ya mita 4,000. Kila upande ni kusini. Mwislamu anayetafuta kibla itabidi aifuate longitudo ya Makka. Kushuka karibu kuna uhakika. Kinachoshinda wengi ni bei.

Umati mkubwa wa viumbe: South Georgia

Katika ghuba ya St Andrews peke yake, kwenye kisiwa hiki cha Atlantiki ya Kusini, kuna karibu jozi 150,000 za pengwini mfalme. Katikati yao wamelala sili tembo, wakubwa kuliko sili wote duniani, dume mmoja akifikisha tani nne. Huko Grytviken, kituo cha zamani cha kuchinjia nyangumi, kuna kaburi la mpelelezi wa Antaktika Ernest Shackleton, aliyefariki mwaka 1922.

Panya walioletwa na meli za wawindaji walikula mayai ya ndege kwa miongo mingi, hadi mwaka 2018 kisiwa kilipotangazwa kuwa hakina panya tena. Ndiyo maana kabla ya kushuka abiria huketi sakafuni na kijiti cha meno, wakichokoa mbegu kwenye nyayo za viatu, na mifuko ya makoti hunyonywa kwa mashine ya vumbi. Meli isipopasi ukaguzi, hazuiwi mtu mmoja; wote wanabaki.

Kobe wengi kuliko popote: Aldabra

Atoli hii ya Shelisheli ipo takriban kilomita 640 kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na ina kobe wakubwa wapatao 100,000. Waliowahi kwenda Changuu, Unguja, wamewaona ndugu zao: kobe wa pale asili yao ni Aldabra. Jua likipanda huwania vivuli, na anayechelewa anaweza kufa kwa joto ndani ya gamba lake. Maji yakijaa huingia kwa kasi katika ziwa la ndani kupitia milango michache, na wageni huachia miili yao ichukuliwe na mkondo pamoja na samaki.

Miaka ya 1960 Waingereza walitaka kujenga uwanja wa ndege za kivita hapo. Wanasayansi wakapinga, mpango ukafutwa mwaka 1967. Adui wa leo ni taka: mwaka 2019 watu wa kujitolea waliokota tani 25, nyingi zikiwa nyavu na ndala zilizosukumwa na mikondo. Kusi likivuma bahari huchafuka, kwa hiyo nenda kabla au baada yake.

Hukumu yetu

Kwa umbali mtupu, Tristan haina mpinzani. Kwa thamani ya kila saa utakayokaa ufukweni, South Georgia inaongoza. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayeanza, Aldabra ndiyo chaguo: ni karibu, Shelisheli haidai viza, na hakuna koti zito la kununua. Popote utakapochagua, kabla ya kulipa uliza mambo matatu kwa maandishi: meli ina abiria wangapi, ratiba imetenga siku ngapi za akiba, na nani atalipa ukiugua siku tano kutoka hospitali. Kampuni ikisita kwenye la tatu, tafuta nyingine.