Hatua za Kuandika Insha



Kijana mmoja alitujia na daftari lake, machozi yakimlengalenga. Insha yake juu ya mto Kijenge wakati wa masika ilikuwa imejaa wino mwekundu. Akasema, "Walimu wangu, mimi sina kipaji, afadhali niache shule." Tukamwuliza, "Uliiandika mara ngapi?" Akajibu, "Mara moja tu." Basi tukajua kosa lilipo. Hakukosa akili, alikosa hatua.

Twaijua kahawa ya mlima Meru. Haichumwi leo ikanywewa leo: humenywa maganda, huoshwa, huanikwa juani, kisha huchaguliwa. Na insha ni vivyo hivyo.

Kwanza, waza. Jiulize: nataka kusema neno gani, na nani atakayelisoma? Andika katika kipande cha karatasi kila jambo likujialo.

Pili, panga. Chagua yafaayo, acha yasiyofaa, ujue mwanzo, kati na mwisho.

Tatu, andika yote mara ya kwanza, wala usisimame kila mara kwa ajili ya herufi.

Nne, soma upya; na hatua hii ndiyo wengi waisahauyo. Weka karatasi kando hata usiku mmoja, kisha usome kwa sauti. Je, habari yaeleweka? Limepungua nini? Usiogope kufuta, wala kuandika tena.

Tano, sahihisha herufi, nukta na mkato. Ndipo unakili kwa mwandiko safi. Hata katika mtihani, usitumie saa yote kuandika: bakiza dakika chache za kusoma ulichoandika.

Hata wakubwa wamefanya kazi hivyo. Mwaka 1844, huko Mombasa, Ludwig Krapf alianza kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Biblia nzima ilipatikana mwaka 1891. Lakini kazi haikuachwa hapo. Mwaka 1937 ilitoka tafsiri ya Karl Roehl, na mwaka 1952 ile ya Muungano. Ikiwa wataalamu walirudia kazi yao, mtoto aone haya kwa nini?

Nanyi wazazi, msiseme, "Sisi hatukusoma, tutamsaidiaje?" Hatua ya nne yataka masikio tu. Yule kijana alimsomea bibi yake insha yake jioni. Bibi, asiyejua hata herufi moja, akamwuliza, "Mjukuu wangu, maji yalipojaa, watu walivukaje?" Kijana akanyamaza, maana alikuwa ameliacha neno hilo, nalo ndilo lililokuwa kiini cha habari yake.

Akaandika mara ya pili, na ya tatu. Wino mwekundu haukukosa kabisa, ila ulikuwa kidogo. Naye hakutaja tena kuacha shule.

Basi, mtoto akija na daftari lake jioni, tuache kazi kidogo tumsikilize.