Kioo Nyumbani na Stara ya Ukuta

Katika lugha yetu neno moja, kioo, latumika kwa vitu viwili. Kioo ni kile cha dirisha, kipitishacho nuru. Na kioo ni kile cha kujitazamia, kiirudishacho. Tena mtu mwenye mwenendo mwema husemwa kuwa ni kioo cha wenziwe, maana wamtazamapo hujiona walivyo. Hapa twapenda kueleza habari za kioo cha kujitazamia, kitundikwacho ukutani kuwa pambo la nyumba. Watu wengi hukinunua kwa uzuri wake, wala hawaifikiri kazi yake.

Kwanza yapasa kuijua nyumba yenyewe. Majumba ya kale ya mawe katika pwani yetu, kama yale ya Lamu, yalijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zilichukuliwa na boriti za mikoko. Boriti haiwezi kuchukua uzito wa dari ikiwa ndefu mno. Kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu, lakini upana wake kwa kawaida haukupita kadiri ya mita 3. Madirisha ya kuelekea njiani yalikuwa machache, na nuru iliingia kwa upande wa kiwanda, yaani ua wa katikati. Mtu aliyetoka kiwandani alipita msana, ndipo akafika ndani, chumba cha wenye nyumba. Na kila alipozidi kuingia, giza lilizidi.

Basi wazee walitengeneza kuta zile ziwafae. Walizipaka chokaa nyeupe, wakachonga vidaka, ambavyo kwa usemi wa Lamu huitwa zidaka, na humo wakapanga sahani na mabakuli ya kaure. Wenye mali walitundika na vioo. Huko Unguja, Seyyida Salme, binti wa Sultani Said, katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1886 huko Ujerumani, ameeleza vyumba vya wakubwa vilivyopambwa kwa vyombo vya kaure, saa, na vioo virefu vilivyoagizwa Ulaya. Mtu aweza kudhani ya kuwa haya yote yalikuwa majivuno tu. Majivuno yalikuwamo, hatukatai. Lakini kioo katika chumba chembamba chenye giza huleta nuru mahali isipofika, na humfanya mtu aone kana kwamba ukuta umesogea nyuma. Pambo lilikuwa na kazi.

Hapo ndipo ilipo hatari yake. Ukuta kazi yake ni kuzuia macho. Na kioo, kwa macho, ni tundu katika ukuta. Wajenzi wa kale walijua sana kuzuia macho. Mtu aingiaye nyumba ya Lamu hufika kwanza daka, ndiyo sebule ya mlangoni, kisha tekani, kisha hapana budi ageuke ndipo akione kiwanda. Mpita njia, hata mlango ukiwa wazi, haoni ila ukuta. Hiyo ndiyo stara ya nyumba, na mithali yasema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini kioo kimoja kikitundikwa pasipo fikira chaweza kuiondoa stara ile kwa siku moja.

Tulipata kuyaona haya kwa macho yetu. Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukifundisha katika mji mmoja wa pwani, na kijana mmoja wa mtaani akaoa. Akanunua kioo kikubwa chenye fremu ya mti wa kuchongwa, akakitundika penye pembe ya ukumbi, mkabala wa mlango, ili kila mgeni akione. Hazikupita siku nyingi, maneno yakaanza barazani ng'ambo ya njia: bibi arusi jana alisukwa nywele, leo alikuwa akilia peke yake uani. Maneno yakafika kwa baba yake, naye akaja na hasira, akitaka kumchukua binti yake. Maana alisema, nyumba hii haina mlango.

Ikatafutwa nani apelekaye habari. Mle nyumbani mlikuwa na mtoto yatima, mpwa wa yule bwana, mwanafunzi wetu wa darasa la pili. Yeye ndiye aliyetumwa dukani kila siku, basi akasemwa kuwa ni yeye. Akapigwa, akapelekwa shamba kwa ndugu wengine. Nasi tuliomjua kuwa si msemaji tulinyamaza, tukidhani ya kuwa mambo ya nyumba za watu hayatuhusu.

Aliyelikata jambo lile alikuwa bibi mmoja mzee, nyanya yake bwana arusi. Alitoka akavuka njia, akaketi barazani mahali pale waketipo wanaume, akapiga kelele: "Mwanangu, mwambieni mkeo asimame uani!" Kisha akanyamaza kitambo, akasema, "Namwona. Hata kucha zake zenye hina naziona. Mpelelezi wenu ni huyo aliyetundikwa ukutani." Kioo kikaondolewa siku ile ile. Mtoto akarudishwa, na mjomba wake akamtaka radhi mbele ya watu. Sisi nasi tulimtaka radhi shuleni, ingawa hakujua sababu.

Maana ya jambo lile ni nyepesi. Nuru ipigapo kioo hurudi kwa mshazari ule ule iliojia, na njia yake ni moja kwa kwenda na kwa kurudi. Kwa hiyo ukiyaona macho ya mtu katika kioo, jua ya kuwa naye aweza kuyaona yako. Mwenye kutaka kutundika kioo na amweke mtu akishike ukutani, kisha yeye mwenyewe atoke mlangoni na barazani atazame. Akiona uani au chumbani, mahali pale hapafai.

Mahali pafaapo ni ukuta ulio kando ya dirisha au mkabala wake, ili nuru irudishwe chumbani. Kwa habari ya ukubwa, haifai kupoteza fedha bure: mtu ajionaye mwili mzima hahitaji kioo kipitacho nusu ya kimo chake. Mwenye sentimita 160 hutosheka na kioo cha sentimita 80, kikitundikwa wima, ukingo wake wa juu ukiwa kati ya usawa wa macho na usawa wa utosi; wala kurudi nyuma hakumwonyeshi zaidi. Tena kuta za chokaa karibu na bahari hushika unyevu na chumvi, navyo hula rangi ya fedha iliyo nyuma. Kwa hiyo viwekwe vipande vidogo vya mti kati ya kioo na ukuta, hewa ipite. Vioo vya kale sana vilipakwa nyuma bati na zebaki, nayo zebaki ni sumu. Visikwanguliwe, wala watoto wasivichezee.

Wako wafunikao vioo kwa kanga wakati wa radi, wakidhani ya kuwa kioo huivuta. Radi hupendelea kupiga vitu virefu, kama minazi na minara, wala kioo cha ukutani hakiiiti. Lakini kanga ile haina dhara, na pengine yatukumbusha jambo la kweli: kioo si pambo lililolala. Ukisha kukitundika, hutazama mchana kutwa, nacho huonyesha kila kilicho mbele yake kwa kila aliye mbele yake. Afadhali basi mwenye nyumba achague mapema kitakachotazamwa, kuliko mtoto wa mtu kuadhibiwa kwa kosa la ukuta.