Punda asimamaye njiani si mkaidi, ameogopa

ASUBUHI yoyote ile, katika njia zinazoteremka kutoka mashamba ya majani chai ya Kericho kuelekea Sotik na Bomet, si ajabu kumkuta punda amesimama kama kigingi, mitungi ya maji ubavuni, huku mwenyewe akimcharaza fimbo. Wapita njia hucheka na kusema kuwa mnyama huyo ni mkaidi.

Ukweli ni kwamba ameogopa. Farasi akishtuka hutimua mbio, na hakuna asiyemwelewa. Punda, ambaye asili yake ni nyika kame za kaskazini mashariki mwa Afrika, kwanza husimama tuli na kuipima hatari. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa alianza kufugwa yapata miaka 7,000 iliyopita, tena katika eneo letu hili la Afrika. Muda wote huo, na bado twamwita mpumbavu!

Macho yake yako kando ya kichwa. Huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia. Kwa hivyo, dimbwi lililoachwa na mvua ya alasiri, ambalo mtu huliruka bila kufikiri, kwake ni shimo asilojua kina chake. Akichapwa hapo, hofu huthibitika: kwa fikira zake, dimbwi ndilo lililompiga. Kesho atasimama mbali zaidi.

Anayetaka kumfunza punda mwoga hana budi kuanza bila mzigo. Amkaribie kwa ubavuni, karibu na bega, akizungumza kwa sauti ya chini. Mtungi mtupu uwekwe chini kwanza aunuse. Mlio wake ndio humtisha kuliko uzito. Akiuzoea, afungwe mitungi mitupu kwenye matandiko na atembezwe hatua chache, kisha apumzishwe. Maji yaje siku nyingine, tena kidogo.

Anaposimama, kamba ivutwe polepole, na ilegezwe papo hapo anapoinua mguu. Hapo ndipo penye siri yote, kwani punda hujifunza kutokana na ile nafuu, wala si kutokana na ule mvuto. Akitangulizwa punda mzoefu, kazi hupungua nusu. Mvua ikianza, na Kericho hainyimwi mvua, apelekwe kibandani, kwa sababu manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi.

Haya si mambo ya anasa. Machinjio ya punda yalipofunguliwa nchini kuanzia 2016, aliyeitwa mkaidi ndiye aliyekuwa rahisi kuuzwa. Serikali iliyapiga marufuku 2020, Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8, ile ya 2019 ilipata milioni 1.2 hivi. Punda akitoweka bomani, mtungi hurudi mgongoni mwa mama.

Madereva wa malori ya chai na vijana wa bodaboda nao wangesaidia kwa kutopiga honi wanapompita punda anayefunzwa. Mtungi mmoja ukimwagika katika miteremko hiyo, kuna mtu atakayerudi mtoni.