Kosa la Nani? Somo la Vita vya Crimea

Watu wengi hudhani kwamba kusoma historia katika Chuo Kikuu ni kujaza kichwa miaka na majina ya majemadari. Sivyo. Mwanafunzi hupewa maandiko ya kale, mengi yakipingana, naye hutakiwa ayapime kama wazee wa baraza wapimavyo maneno ya mashahidi.

Mfano mzuri ni Vita vya Crimea, vilivyoanza mwaka 1853 vikaisha 1856. Urusi ilipigana na Uturuki, na baadaye Uingereza, Ufaransa na Sardinia ziliingia upande wa Uturuki. Tarehe 25 Oktoba 1854, karibu na bandari ya Balaclava, askari wa farasi wa Kiingereza wapatao 670 walikwenda mbio bondeni kuielekea mizinga ya Warusi iliyokuwa mbele yao, huku mizinga mingine ikiwapiga kutoka vilimani. Kama 110 waliuawa.

Kosa lilikuwa la nani? Amri yenyewe iliandikwa kwa kalamu ya risasi, na karatasi ile ingali imehifadhiwa London. Iliwaambia askari wa farasi wasonge mbele upesi, wamzuie adui asichukue mizinga. Haikueleza ni mizinga ipi. Lord Raglan, jemadari mkuu, alikuwa juu kilimani, akiwaona Warusi wakitaka kuondoa mizinga waliyoiteka kwa Waturuki. Lord Lucan, mkuu wa askari wa farasi, alikuwa chini, wala hakuweza kuiona. Aliyoijua yeye ni ile ya mwisho wa bonde. Alipomwuliza Kapteni Nolan, aliyeileta amri, Nolan alinyosha mkono. Muda si muda Nolan akauawa, na wengi wakamtwika yeye lawama. Asiyekuwapo na lake halipo.

Raglan aliandika kwamba Lucan hakuifahamu amri. Lucan, aliporudishwa kwao mwaka 1855, alijitetea kwamba alitii aliyoamriwa. Huenda kila mmoja alisema kweli kama alivyoiona kutoka mahali pake. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza kuuliza kwanza shahidi alisimama wapi, aliweza kuona nini, na angepata hasara gani kama angesema vingine.

Kisha hufundishwa kutafuta yale yasiyosifiwa. Mwezi wa Desemba 1854 mshairi Tennyson alitoa shairi juu ya wapanda farasi wale, na sifa zao zikaenea. Lakini katika vita vile vyote walikufa Waingereza kama 21,000, na kati yao kama 16,000 waliuawa na maradhi. Florence Nightingale, aliyewauguza askari huko Scutari, alizipanga hesabu za vifo katika michoro mwaka 1858, ili wakubwa waone kwa macho yao kwamba uchafu uliua kuliko risasi.

Elimu ya namna hii haimfai mwalimu peke yake. Karani aandikaye amri ya mkubwa wake yafaa ajiulize kama msomaji wa mbali ataielewa. Na mkulima asikilizaye shauri la mpaka wa shamba asiharakishe kuamua kabla hajajua kila shahidi alikuwa amesimama wapi.