Mvua ya Machi ina saa zake

Anayepanga kwenda Malaba au Busia kwa pikipiki kutoka Nairobi mwezi wa Machi huuliza kwanza kama mvua zimeanza. Swali hilo halina jibu la kutegemewa, na hata likijibiwa halimfai sana. Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 400. Inashuka Bonde la Ufa, inapanda nyanda za juu zenye baridi ya kweli, kisha inateremka hadi bonde la Ziwa Viktoria kwenye mpaka wa Uganda. Machi ni mwezi wa katikati: kiangazi hakijaondoka na masika hayajaingia sawasawa, hivi kwamba barabara inaweza kuwa vumbi tupu asubuhi na mitaro ikafurika kabla ya magharibi. Nionavyo mimi, tunahangaika na kalenda wakati jibu liko kwenye saa. Siku ya mvua ni ngumu kuibashiri. Saa ya mvua, kwa upande huu wa ziwa, si ngumu kiasi hicho, na mwenye pikipiki akiijua anaweza kuipangia safari nzima.

Tuanze na kwa nini tarehe hukosea. Masika hufuata jua. Karibu na tarehe 21 Machi jua la utosi huwa juu ya ikweta, na ukanda ambao pepo za kaskazini na za kusini hukutana hupita juu yetu ukielekea kaskazini. Hiyo ndiyo picha ya vitabu vya shule, na si ya uongo, ila ukanda huo haupandi kwa utaratibu. Husogea, hurudi, hukatika vipande. Yako mafungu makubwa ya mawingu yanayoizunguka dunia kwenye tropiki kila baada ya siku 30 hadi 60, ambayo wataalamu huyaita MJO. Yakipita Bahari ya Hindi kwa wakati mzuri mvua huamka, yakishapita huja ukavu wa wiki moja au mbili, na mkulima aliyekwisha kupanda hubaki akiangalia mbingu. Vimbunga vya baharini navyo huongeza utata. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilizunguka karibu na Madagascar, na Kenya ikapata mvua kubwa mno. Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, na masika ya Kenya yakachelewa na kuwa haba. Bahari ni ile ile na mwezi ni ule ule, lakini matokeo yakawa kinyume. Mvua za vuli zina nafuu, kwa sababu zinafungamana na El Niño na joto la Bahari ya Hindi, mambo yanayoonekana miezi kadhaa mapema. Masika hayana kamba kama hiyo ya kushika. Kwa hiyo Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya inapotangaza kwamba mvua za Machi hadi Mei zitakuwa za kawaida, juu ya kawaida au chini yake, inazungumza juu ya jumla ya msimu. Taarifa hiyo ni ya mkulima, ya mhandisi wa mabwawa na ya serikali ya kaunti. Haikusudiwi kumwambia mtu kama Jumanne atalowa Webuye.

Saa ni jambo jingine, kwa sababu haitegemei bahari ya mbali. Inategemea ziwa. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na maji yake hubadilika joto kidogo sana kati ya mchana na usiku. Nchi kavu inayolizunguka hupata moto haraka jua likipanda. Kufikia adhuhuri hewa ya nchi kavu imekuwa nyepesi, nayo hewa yenye unyevu kutoka ziwani huvutwa ndani kuelekea Kisumu, Kakamega, Nandi na Kericho. Huko hukutana na upepo wa mashariki unaovuka Bonde la Ufa. Hewa mbili zikigongana mbele ya milima hazina pa kwenda ila juu, na mawingu meusi ya ngurumo husimama juu ya Nandi na Kericho mchana, kwa kawaida baada ya saa nane. Halafu upepo wa mashariki huyasukuma kuelekea magharibi, na hapo ndipo Bungoma, Malaba na Busia hupata zamu yao, alasiri hadi usiku wa mapema. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, hewa hutiririka kutoka pande zote kwenda ziwani, na dhoruba huibuka juu ya maji hadi alfajiri. Wavuvi wanazijua vizuri dhoruba hizo, na ndizo zilizosababisha Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuongoza mradi wa HIGHWAY wa kuboresha maonyo kwa wanaofanya kazi ziwani. Kwa anayevuka mpaka na kuendelea hadi Entebbe, saa hubadilika kabisa. Upande ule ngurumo nyingi huwa za alfajiri na asubuhi, kwa sababu dhoruba za usiku husukumwa kutoka ziwani kuelekea magharibi.

Kanuni hii ina ukomo wake. Kuna siku ambazo upepo wa mashariki hulegea na hewa yenye unyevu huingia kutoka magharibi, upande wa msitu wa Kongo. Siku hizo mvua haijui saa: hunyesha asubuhi, hupungua, hurudi, na anga yote ni ya kijivu badala ya minara ya mawingu yenye nafasi za buluu katikati. Lakini siku za namna hiyo hujitangaza. Alfajiri ikiwa imefunikwa na wingu la tabaka moja, na utabiri wa kila siku ukizungumzia mvua iliyoenea sehemu nyingi, basi kanuni ya saa iweke kando. Utabiri wa siku moja hadi tano una thamani zaidi hapo kuliko alama ya radi inayoonyeshwa na simu kwa siku nzima bila kusema ni saa ngapi.

Mwinuko nao una hesabu yake, na ndio unaowashangaza wengi. Timboroa, ambako njia hii hupita kabla ya Eldoret, iko mita 2,700 na ushee juu ya usawa wa bahari. Busia na Malaba ziko karibu mita 1,200. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kati ya Timboroa na mpaka kuna tofauti ya nyuzi 9 au 10 hata kabla ya tone la kwanza kuanguka. Mvua ya radi ikianza hushuka pamoja na hewa baridi kutoka juu, na joto la Timboroa linaweza kufika nyuzi 12 au chini yake katika dakika chache. Kwenye pikipiki inayokwenda kilomita 70 kwa saa, upepo huufanya mwili uhisi kama nyuzi 7 au 8, na hiyo ni kwa aliye mkavu. Aliyelowa anapoteza zaidi, kwa sababu maji yanapokauka mwilini huondoka na joto la mwili. Vidole ndivyo hutangulia kufa ganzi. Mkono wa kulia, wenye breki ya mbele, unafunga polepole na kulegea polepole, naye mwenyewe huenda asione tofauti. Kioo cha helmeti kinaingia mvuke, anakiinua ili aone, na mvua inampiga machoni. Ikiwa ni mvua ya mawe, na sehemu za Kericho na Nandi Hills zimetajwa kwa miongo mingi kuwa miongoni mwa zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani, basi hana budi kusimama.

Akishuka hadi Malaba joto linarudi, ila barabara inamsubiri. Hii ni njia ya trela za mizigo kutoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Kongo, nazo hupanga foleni ndefu kabla ya mpaka. Mwanzoni mwa mwaka 2022, wakati wa vipimo vya korona, foleni hiyo ilikuwa ya kilomita nyingi. Trela iliyosimama ikisogea hatua kwa hatua kwenye jua hukandamiza lami hadi magurudumu yanaacha mifereji miwili iliyozama. Katikati ya mifereji hiyo, mahali ambapo mwenye pikipiki angependa kupita, ndipo dizeli na oili hudondoka. Miezi ya kiangazi huchanganya mafuta hayo na vumbi na unga wa tairi. Mvua ya kwanza haiyaoshi mara moja. Huyainua juu, na kwa robo saa au zaidi unaona rangi za upinde zikielea kwenye lami. Mvua ikiendelea kwa nguvu huyasafisha, hivyo dakika za mwanzo mara nyingi ni mbaya kuliko saa nzima ya baadaye. Mifereji nayo hujaa maji. Kwenye lami kavu, msuguano wa tairi ukiwa 0.7, pikipiki ya kilomita 80 kwa saa inahitaji kama mita 36 kusimama tangu breki ishike. Lami ikilowa na msuguano ukashuka hadi 0.4, inahitaji mita 63. Ongeza mita 22 ambazo dereva hupita kabla hata ya kugusa breki. Hesabu hii ni ya tairi nzima na lami iliyolowa maji peke yake. Kipara na dizeli hazimo.

Wapo watakaosema haya yote yanatibiwa na vifaa: koti zuri la mvua, buti, glovu mbili, tairi mpya. Sikatai, na asiye navyo asiianze safari. Lakini koti huzuia maji na baridi. Halirefushi upeo wa macho kwenye mvua nzito wala halimfanyi dereva wa trela akuone. Tena vifaa bora vina hatari yake, kwani mtu mkavu huendelea na safari pale ambapo aliyelowa angekwisha kusimama. Wengine watataja waendesha boda boda wa Busia na Malaba, ambao kazi yao ilianzia kwenye mpaka huu, enzi za baiskeli zilizovusha abiria na magendo, na ambao leo wanapita kwenye mvua wakiwa na mwavuli mkubwa uliofungwa juu ya pikipiki. Ukiwatazama vizuri, wao ndio ushahidi wa hoja yangu. Wingu likiingia wanahamia kwenye vibaraza vya maduka, kwa sababu safari zao ni fupi na wanajua dhoruba ya jioni ina mwisho. Wa masafa marefu huona ameshakwenda mbali mno asiweze kusubiri. Mwavuli wa boda boda nao ni wa mwendo wa mjini. Kwenye barabara kuu, upepo wa trela inayokuja mbele utaushika kama tanga.

Kuna dhana moja isiyofaa kubishaniwa kwa upole, ile ya kwamba matairi ya mpira humkinga mtu na radi. Radi iliyovuka kilomita kadhaa za hewa haizuiwi na sentimita chache za mpira. Aliye ndani ya gari husaidiwa na bodi ya chuma inayomzunguka, kitu ambacho mwenye pikipiki hana. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde 3 hivi. Mwanga na ngurumo zikipishana chini ya sekunde 30, dhoruba iko ndani ya kilomita 10, nao ni umbali unaotosha kukupata. Ingia ndani ya jengo, liwe la kituo cha mafuta au duka. Chini ya mkaratusi au mwembe ulio peke yake usisimame, hata kama wenzako wameshajazana hapo.

Pingamizi la mwisho ndilo zito: kuiwahi saa ya mvua ni kutoka mapema, na kutoka mapema kuna gharama yake, yaani giza na ukungu wa Limuru na Kinungi. Ni kweli. Lakini ukungu unautibu kwa kupunguza mwendo, nao huinuka jua likipanda, ilhali dhoruba huongezeka saa zikisonga. Anayetoka Nairobi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukiwa kumepambazuka, akienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa na kupumzika mara moja au mbili, atavuka Timboroa kabla ya adhuhuri na kuingia Malaba kama saa nane na nusu. Anayetoka saa nne kwa mwendo huo huo atakuwa Timboroa saa tisa, wingu likiwa limesimama, na Malaba jioni, barabara ikiwa imelowa na giza likikaribia. Pikipiki ni moja na umbali ni mmoja. Saa tatu na nusu za kuchelewa ndizo zinazoamua atakutana na nini.

Basi ukiona saa nane imekukuta Eldoret na upande wa Nandi umeshakuwa mweusi, tafuta gesti ulale. Mpaka wa Malaba haufungwi usiku, na kesho asubuhi lami itakuwa imekauka.