Je, Wajua? Battlefield 6 Haichezeki kwa PlayStation 4

Kijana wa Machakos aliyezoea kulipia mechi moja moja kwenye kibanda cha PlayStation 4 hataikuta Battlefield 6 hapo. Gemu hiyo ya vita na bunduki, iliyotoka Oktoba 10, 2025, ilitengenezewa PlayStation 5, Xbox Series X na S, na kompyuta za Windows pekee.

Utamu wa kompyuta yenye nguvu ni kasi ya picha. Zikipita picha 60 kwa sekunde, kila moja hukaa kwenye skrini milisekunde 16.7. Zikifika 120, ni 8.3 tu. Adui akichungulia dirishani unamwona mapema kidogo, na katika gemu ya risasi hicho kidogo ndicho uhai.

Ila kompyuta ina masharti: RAM ya gigabaiti 16, kadi ya picha isiyopungua RTX 2060, tena Secure Boot, ile kinga ya wakati wa kuwaka, iwe imewezeshwa. Konsoli haikuulizi hayo. Unaweka gemu, unacheza. Basi ukienda kununua kompyuta ya mtumba, mwambie muuzaji aiwashe, mkague vitu hivyo vitatu kabla hujatoa pesa.