Vitabu vya Zamani kwa Mnada wa WhatsApp: Angalia Salio Kwanza

Una vitabu vya shule vimejaa kabatini hapo Langas au Huruma? Kwenye grupu la WhatsApp unaweza kuvipiga mnada: weka picha, taja bei ya kuanzia na saa ya kufunga, kisha waache watu wapandishe bei.

Vya darasa la 8 usivitarajie makubwa. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Vya kidato cha 4 bado vina soko, kwani KCSE ya mfumo wa 8-4-4 inaendelea hadi 2027. Piga picha hata ya ukurasa uliochanika. Mnunuzi aliye Kitale hawezi kukifunua kitabu.

Kazi iko kwenye malipo. Mshindi anakupigia: "Nishatuma, mpe dereva haraka, matatu inatoka!" Ujumbe umeingia kweli, lakini usikimbie steji. Ujumbe halali wa M-PESA huja kwa jina MPESA, si kwa namba ya mtu. Hata ukiuona hivyo, piga *334# uangalie salio lako. Ujumbe unaweza kughushiwa. Salio lako ndilo litakuambia ukweli. Matatu nyingine ipo.

Mwingine atadai ametuma 1,500 badala ya 500, umrudishie 1,000 sasa hivi. Usitume chochote. Kama alikosea kweli, atume ujumbe wake wa muamala kwa 456 aombe kurudishiwa.

Na nauli ya kifurushi mkubaliane kabla mnada haujafungwa. Kitabu cha shilingi 200 kikidaiwa nauli ya 200, mshindi wako hashiki simu tena.